Panda Ua wa Miti, Usinunue Waya

Vikundi vingi vina kipande cha shamba kilichoachwa. Mlianza kwa nguvu, mkapanda sukuma wiki, mbuzi wakaingia mara moja, wakaingia mara ya pili, na kuanzia hapo kila mwanakikundi akawa na udhuru siku ya kazi. Sasa pana sangari, vichaka na nguzo tatu zilizoliwa na mchwa. Waya ulikwenda usiku. Kabla hamjachanga pesa za waya mwingine, fikirieni ua wa miti. Hauibiwi, na mchwa hawauangushi.

Kazi ya kwanza si jembe, ni kumwita jirani. Mtembee naye mpakani mkubaliane mstari uko wapi. Kisha pandeni upande wenu, hatua moja ndani, kwa sababu ua hunenepa na matawi yakifika kwake atakuwa na haki ya kulalamika. Ua umewahi kupeleka watu kwa chifu, na kikundi kikavunjika kwa ajili ya futi mbili za ardhi. Tena mtahitaji msaada wake: afunge mbuzi wake ile miaka ya kwanza, wakati miche bado ni laini.

Vichaka vifyekeni, lakini msichome moto. Moto unaua wadudu wema pamoja na wabaya, na majani yaliyofyekwa yanafaa kufunika udongo kwenye miche. Mkikuta muringa au mukinduri umejiotea, uacheni. Nyuki wanapenda maua yake.

Nyanda za juu, mti mzuri wa ua ni kei-apple, ambao sehemu za Kati wanauita kaiyaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Una miiba mirefu, unavumilia ukame, na matunda yake ya manjano ni machachu lakini yanatengeneza jamu nzuri. Haupendi mahali maji yanaposimama. Chukueni matunda yaliyoiva, toeni mbegu, zioshweni, zikaushwe kivulini, zipandwe kitaluni. Pakiti za maziwa zilizotumika zinatosha kwa miche. Tobolea matundu chini.

Sasa hesabu. Nusu ekari ya mraba ina karibu mita 45 kila upande, yaani mita 180 kuzunguka. Pandeni mistari miwili, sentimita 30 kati ya mstari na mstari na 30 kati ya mche na mche, kwa mtindo wa zigizaga ili mche wa nyuma uzibe nafasi ya wale wa mbele. Hiyo ni miche 1,200. Kikundi cha watu 20, kila mmoja aoteshe 60 nyumbani kwake na chache za akiba. Si kazi kubwa.

Kosa ambalo wengi hufanya ni kuogopa kukata. Mche unafika magotini, watu wanafurahi, wanauacha upae. Baada ya miaka mitatu una majani juu, na chini kuna mlango wa mbuzi! Mche ukifika magotini, ukate nusu. Unauma moyo, lakini hapo ndipo unatoa matawi ya chini. Endeleeni kupunguza hivyo, chini pakiwa pana kuliko juu ili jua lifike mpaka kwenye shina. Kateni wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ndege wengi wanajenga viota humo.

Msipande lantana, inasambaa yenyewe na ni sumu kwa mifugo. Mnyaa unaota haraka, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha mtoto. Na mathenge msiuguse. Watu wa Baringo waliletewa mti huo miaka ya 1980, ukameza malisho yao, na katika kesi iliyofunguliwa mwaka wa 2006 walipeleka mahakamani Nairobi mbuzi aliyeharibika meno kwa kula matunda yake.

Ndani ya ua, acheni ukanda wa mita moja hivi usiolimwa kila msimu. Wengine watasema ni kupoteza ardhi. Lakini kama mnapanda pasheni, mwulizeni mkulima wa pasheni ya manjano maua yake yanadondoka kwa nini. Ua lile haliwezi kujizalisha. Linahitaji chavua ya mmea mwingine, na anayeibeba vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayenguruma, yule yule tunayemwua kwa sababu anatoboa boriti. Mwekeeni magogo makavu kwenye ukanda, aachane na paa lenu. Pandeni mbaazi na mitoo, na acheni saga na giligilani kidogo zitoe maua. Dawa ya wadudu, ikilazimu, ipigwe maua ya pasheni yakiwa yamefunga.

Swali linaloulizwa na akina mama kila mara ni nyoka. Ni swali la haki. Nyoka hufuata panya na vyura, na mahali pa kujificha. Basi magogo yawe pembe ya mbali, si karibu na nyumba wala njia ya kwenda mtoni, na nyasi za kando ya njia zifyekwe fupi. Bundi akikaa kwenye ua, msimfukuze kwa mawe. Anakula hao panya.

Miaka miwili ya kwanza lazeni matawi ya miiba kando ya miche, na mche ukifa uzibwe pengo msimu huo huo. Itachukua kama miaka minne kabla mbuzi hajakata tamaa. Miche ikae kitaluni karibu miezi sita, kwa hiyo mkitaka kupanda mvua ya Machi, mbegu ziwe kitaluni kufikia Septemba.