Mapishi ya Wete Yanadai Daftari

Futari ya Wete, kisiwani Pemba, haihitaji nyama ili imshibishe mtu. Jioni ya Ramadhani utakuta mkekani muhogo wa nazi, shelisheli, majimbi, mbaazi, na vipopoo vilivyopikwa kwa tui, sukari na iliki. Samaki akiwapo ni vyema. Asipokuwapo, hakuna anayeondoka na njaa.

Huko Uingereza, mapishi ya aina hiyo, yasiyotiwa nyama, samaki, mayai wala maziwa, yamemjengea jina mwandishi ambaye familia yake ilitokea hapa hapa Afrika Mashariki. Anaitwa Meera Sodha. Wazazi wake ni wa jamii ya Wahindi wa Uganda, waliolazimika kuihama nchi mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Walianza maisha upya Lincolnshire, na huko ndiko Meera alikozaliwa na kukulia.

Alipokwenda London kusoma chuo kikuu, chakula cha nyumbani kilimtoka mkononi. Kari za mikahawani hazikuwa na ladha aliyoizoea. Akarudi kwa mama yake, akasimama kando ya jiko na kuanza kuandika, kwa kuwa mapishi ya ukoo wao yalikuwa kichwani mwa mama tu.

Kitabu chake cha kwanza, Made in India, kilitoka mwaka 2014, nacho kilikuwa bado na nyama na samaki. Cha pili, Fresh India cha 2016, kiliviacha vyote viwili. Mwaka 2017 gazeti la The Guardian likampa safu ya The New Vegan, na kwa miaka kadhaa akawafundisha wasomaji kupika bila kitu chochote cha mnyama. Mwaka 2019 kikafuata kitabu cha East. Kisha ukaja uchovu mkubwa, hata hamu ya kupika ikamwisha. Alijiinua taratibu kwa kuipikia familia yake chakula cha jioni, na humo kikazaliwa kitabu cha Dinner, mwaka 2024.

Ninamheshimu mwanamke huyu kwa sababu aliyaona mapishi ya mama yake kuwa elimu, akayapa vipimo. Wete tuna elimu kama hiyo. Tazama muhogo wa nazi unavyopikwa. Muhogo humenywa, hupasuliwa, ule uzi wa katikati ukatolewa. Nazi hukunwa kwenye mbuzi, ikakamuliwa kasimele, yaani tui la kwanza, kisha chicha ikatiwa maji na kukamuliwa tena kupata tui la pili. Muhogo huiva kwa hilo la pili, pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili mbichi. Kasimele huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko hauachwi mpaka lichemke, la sivyo tui hukatika. Hapo pana mpangilio, muda na kiasi cha moto, mambo yale yale anayofundisha mwalimu yeyote wa upishi.

Lakini ukimwuliza mpishi chumvi ni kiasi gani, atakujibu, "Kiasi chake." Mkono wake unajua, ila mkono haurithiwi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila bibi anayefariki bila mapishi yake kuandikwa huondoka na sehemu ya mali hiyo.

Kwa hiyo Ramadhani ijayo, vijana wa Wete wakae jikoni na bibi zao wakiwa na daftari, kikombe, kijiko na saa. Chumvi ipimwe kabla haijaingia chunguni. Jina la mpishi liandikwe juu ya kila pishi, akiridhia, kwani ujuzi ni wake. Walimu wa sayansi kimu katika skuli zetu waifanye kazi hiyo kuwa somo, kila pishi lijaribiwe na mwanafunzi asiyewahi kulipika. Mapishi 20 yaliyopimwa vizuri yanatosha kuanzia kitabu, na Wete ina zaidi ya hayo.