Mwalimu Asiyechoka Kurudia

Mwaka 2004 Salman Khan, Mmarekani mzaliwa wa Louisiana, alianza kumfundisha binamu yake hisabati kwa simu na intaneti. Ndugu wengine walipoongezeka, mwaka 2006 akaanza kuweka masomo mafupi YouTube. Wakamwambia kwamba wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana!

Mzaha huo una uzito. Darasani, ni mtoto gani atathubutu kuuliza mara ya tatu namna ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti? Video huirudisha nyuma bila kuona haya.

Lakini kutazama si kujua. Ewe mzazi, hata kama aljebra imekupita, isimamishe video kabla ya jibu, mwanao akokotoe daftarini, kisha akueleze alivyolipata.