Programu Inayosafiri na Vyake Vyote

Isaka, mkoani Shinyanga, kuna bandari kavu. Kontena lililopanda treni Dar es Salaam hushushwa pale na kupakiwa kwenye lori la kwenda Rwanda, wala hakuna anayegusa mzigo wa ndani. Kontena la programu linafuata wazo hilo: ndani yake mna programu, maktaba zake, mipangilio yake na toleo lilelile la lugha iliyoandikiwa.

Mimi huwaandikia wenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wa Kahama na Geita programu ya hesabu: viroba vya mawe vilivyosagwa, mwenye mawe ni nani, gramu zilizopatikana, marudio (mchanga wa mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu) yaliyobaki. Nimeiandika kwa Python. Kompyuta ya Geita ikiwa na Python ya zamani na ya Kahama ikiwa na mpya, programu ileile inakubali huku na kugoma kule. Kontena linamaliza tatizo hilo.

Tena ni jepesi. Halibebi mfumo endeshi mzima; linaazima kiini cha Linux cha kompyuta lilipo, na kiini hicho ndicho kinachotenganisha kontena na kontena na kulipimia kila moja kumbukumbu yake. Uwezo huo uliongezwa kwenye Linux hatua kwa hatua, lakini ni Docker ya Solomon Hykes na wenzake, iliyotoka 2013, iliyourahisisha kwa waandika programu wengi.

Ukishasakinisha Docker, tengeneza faili liitwalo Dockerfile. Taja imeji (kiolezo cha kontena) ya kuanzia, maktaba zinazohitajika, kisha msimbo wako na amri ya kuuwasha. Amri ya docker build hutengeneza imeji. Amri ya docker run huiwasha kuwa kontena. Imeji hujengwa kwa matabaka, kwa hiyo tanguliza maktaba, msimbo uwe mwisho: ukirekebisha msimbo, mteja anapakua tabaka la juu tu, na bando lake linapona. Penye mtandao hafifu, docker save huifanya imeji kuwa faili moja la kubeba kwenye flashi, na docker load huipokea huko iendako.

Sharti ni moja: taarifa za mteja zisikae ndani ya kontena, maana likifutwa zinaondoka nalo. Ziweke nje, kwenye hifadhi iitwayo volyumu, na uzitolee nakala kila jioni. Programu hujengwa upya kwa amri moja, lakini hesabu ya gramu ikipotea, mwenye mawe hana pa kudai jasho lake.