MBUNGE WA MIAKA 35

Katika chama chetu cha Kiswahili hatuchoki kubishana juu ya wabunge. Hebu leo nikuvushe bahari hadi Ujerumani, nikueleze habari za Hans-Gert Pöttering, aliyedumu miaka 35 katika bunge ambalo mwanzoni lilikuwa simba kibogoyo.

Alizaliwa Septemba 1945 huko Bersenbrück. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, lakini babake hakurudi: aliuawa vitani katika siku za mwisho mwisho. Mtoto hakupata kumwona hata mara moja. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha habari yote, maana Umoja wa Ulaya ulianzishwa ili Wajerumani na jirani zao wasichinjane tena.

Alisomea sheria, akajiunga na chama cha kihafidhina cha CDU. Mwaka 1979 raia wa nchi 9 walilipigia kura Bunge la Ulaya moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo wajumbe waliteuliwa na mabunge ya nchi zao, kama wale wetu wa Afrika Mashariki kule Arusha wanavyochaguliwa hadi leo. Pöttering akapata kiti akiwa na umri wa miaka 33.

Sasa utaniuliza, kibogoyo vipi? Bunge lile lilikuwa na sauti katika bajeti, lakini kwa upande wa sheria lilishauri tu, kisha mawaziri wa nchi wakaamua. Mwenye tamaa ya makuu angerudi nyumbani kusaka uwaziri. Yeye alikaa, na meno yakaota moja moja. Machi 1999 Kamisheni nzima ya Jacques Santer, ambayo ndiyo kama serikali ya Umoja huo, ilijiuzulu baada ya kubanwa na bunge. Si mchezo! Mwaka huo huo Pöttering akawa kiongozi wa kundi la wahafidhina, lililokuwa kubwa kuliko yote, na kuanzia 2007 hadi 2009 akawa Spika. Mkataba wa Lisbon ulipoanza kutumika Desemba 2009, sheria nyingi hazingeweza kupita bila idhini ya bunge.

Linalonitatiza ni hili. Bunge likipata nguvu, wapiga kura wakipungua: mwaka 1979 walijitokeza kama asilimia 62, mwaka 2009 kama asilimia 43 tu. Wakati wa kibogoyo watu walipanga foleni, wakati wa meno wakabaki nyumbani! Hali ilibadilika mwaka 2019, nusu yao walipojitokeza, lakini mzee alikuwa amekwisha ondoka mwaka 2014. Hakuna mbunge mwingine aliyekaa mle mfululizo tangu 1979 hadi mwaka huo.

Aliacha pia jumba la makumbusho ya historia ya Ulaya, wazo alilolitoa mwaka 2007 alipokuwa Spika. Lilifunguliwa Brussels Mei 2017, katika jengo ambalo zamani lilikuwa, amini usiamini, kliniki ya meno ya watoto.