Kuusoma Mkono wa Fundi katika Makanisa ya Kale ya Uingereza

Katika kanisa la Mtakatifu Laurence mjini Ludlow, karibu na mpaka wa Wales, baadhi ya michongo bora kabisa iko chini ya viti. Ni viti 28 vya mti wa mwaloni, vilivyochongwa katika karne ya 15 kwa ajili ya makasisi na waimbaji. Ubao wa kukalia unafungwa kwa bawaba. Ukiuinua, upande wake wa chini una kijukwaa kidogo kilichochomoza. Ibada za enzi hizo zilikuwa ndefu, tena za kusimama, kwa hiyo mzee au mgonjwa aliegemea hapo huku akionekana bado yu wima. Kiti cha namna hii huitwa miserikodi.

Chini ya kijukwaa hicho mchongaji alikuwa na uhuru ambao hakuupata pengine. Mchongo mmoja wa Ludlow unamwonyesha mama muuza pombe aliyezoea kuwapunja wateja. Mama huyo amebebwa uchi begani na shetani, kilemba chake kikubwa kikiwa bado kichwani na kipimo chake cha wizi kikiwa mkononi, safari ni ya motoni. Shetani mwingine anapuliza zumari ya mfuko, na wa tatu anasoma orodha ya madhambi yake. Sasa itazame kazi yenyewe. Ubao wa kukalia, kijukwaa, mchongo wa katikati na mapambo mawili ya pembeni vyote vimetoka katika kipande kimoja cha mti. Hakuna kilichogundishwa. Fundi alianza na pande nene la mwaloni akaondoa sehemu kubwa ili abakize kidogo, na patasi ikimponyoka mara moja tu kwenye shingo ya shetani, hana pa kurudi. Yale mapambo ya pembeni ni alama ya mafundi wa Kiingereza hasa. Kwenye viti vya nchi nyingine za Ulaya mara nyingi huyaoni.

Nimeanza na viti kwa makusudi. Kanisa la kale humvuta mgeni moja kwa moja hadi altarini, naye hutoka akiwa ameona utukufu wa jumla na hajaona kazi ya mtu yeyote. Mimi nashauri kila unaposimama uulize: hiki kilitengenezwaje? Fundi alikuwa na nyenzo gani, zana gani, na kitu gani kilimbana? Aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa nakshi wa Lamu au Unguja, akafuata kwa kidole kina cha patasi, tayari ana jicho linalohitajika.

Kwa upande wa mawe, sijui mahali panapofundisha vizuri kuliko Southwell, mkoani Nottinghamshire. Ukumbi wa mikutano wa makasisi katika kanisa kuu la huko ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13, na vichwa vya nguzo zake vimefunikwa kwa majani ya mawe. Kabla ya hapo wachongaji walizoea majani ya kubuni, yasiyo ya mti wowote. Hawa wa Southwell walichonga mimea inayotambulika: mwaloni, mzabibu, hopsi, mepo. Mwanahistoria wa sanaa Nikolaus Pevsner aliyaandikia kitabu kizima mwaka 1945. Chini ya mwaloni mmoja kuna nguruwe wanaokula matunda yaliyoanguka, kama ilivyokuwa kawaida katika misitu ya Uingereza kila vuli. Lakini kabla ya kufurahia nguruwe, sogea upande uone nyuma ya jani. Fundi amechimba jiwe nyuma yake hadi jani likaachana na nguzo, likabaki limeshikwa kwa kikonyo na ncha chache. Giza lililo nyuma ndilo linalolifanya jani lionekane limening'inia hewani. Kivuli hicho kimechongwa kwa hesabu sawasawa na jani lenyewe, na kuchimba mahali pasipoingia nyundo ni kazi ya subira kubwa.

Inua macho sasa. Mashariki mwa nchi mafundi seremala walitawala, na katika kanisa la Mtakatifu Wendreda mjini March, paa lina malaika karibu 120 wa mbao waliokunjua mabawa. Uzuri wao usikufanye usahau boriti. Malaika wengi wamewekwa kwenye ncha za boriti fupi zinazochomoza kutoka ukutani, ambazo hupokezana mzigo hatua kwa hatua ili nafasi pana iezekwe bila boriti ndefu kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo safu za malaika zinakuonyesha mzigo unapopita.

Huko Ely, si mbali na March, seremala alipewa mtihani mgumu zaidi. Februari 1322 mnara wa kati wa kanisa kuu uliporomoka. Badala ya kujenga mnara mwingine wa mawe, waliacha uwazi mkubwa wa pembe nane na juu yake wakasimamisha mnara wa mbao wenye madirisha, chini ya William Hurley, seremala wa mfalme. Ukisimama chini unadhani matao yale ni ya mawe. Ni mbao zilizopakwa rangi, na nguvu halisi iko nyuma yake: boriti kubwa za mwaloni ambazo mgeni aliye chini hazioni. Kwangu mimi hiki ndicho chumba bora zaidi kilichopata kujengwa Uingereza katika zama hizo, na nasema hivyo bila kusita.

Usishangae kukuta nyuso zilizokwanguliwa na sanamu zisizo na vichwa. Kuanzia karne ya 16, wanamageuzi wa Kiprotestanti waliziona picha hizi kuwa ibada ya sanamu. Mwaka 1643 na 1644 William Dowsing alizunguka makanisa ya Cambridgeshire na Suffolk akiamuru zivunjwe, na aliandika kumbukumbu ya kazi hiyo kanisa kwa kanisa. Kuta zilipigwa chokaa. Chokaa hiyo, iliyokusudiwa kufuta, mara nyingine imehifadhi. Katika kijiji cha Wenhaston, Suffolk, mbao kuukuu zilizopakwa chokaa ziling'olewa kanisani mwaka 1892 wakati wa ukarabati na kutupwa uani. Mvua ya usiku ikaosha chokaa, na asubuhi ikaonekana picha ya Siku ya Hukumu: wafu wakifufuka, Malaika Mikaeli akipima roho kwenye mizani. Ipo kanisani hadi leo. Katikati yake kuna maumbo matupu yasiyo na rangi, moja la msalaba na mengine ya watu wawili waliosimama kando yake. Hapo palikuwa na sanamu za mbao za Yesu, Maria na Yohana zilizopigiliwa kabla ya mchoraji kuanza, naye akapaka rangi kuzizunguka. Sanamu zilipotea, lakini mchoraji ametuachia vipimo vyake.

Kioo cha rangi kinahitaji siku yenye jua na darubini. Dirisha kubwa la mashariki la kanisa kuu la York lilifanywa na John Thornton wa Coventry, aliyepewa kazi mwaka 1405 na kuimaliza mwaka 1408. Mwaka huo wa mwisho umeandikwa juu kabisa ya dirisha. Rangi nyekundu na buluu ziko ndani ya kioo chenyewe, zimetokana na madini yaliyoyeyushwa pamoja nacho. Macho, mikunjo ya nguo na vidole vimechorwa juu ya kioo kwa rangi nyeusi kisha vikachomwa kwenye tanuri. Rangi ya manjano ya nywele na mataji ni dawa ya fedha iliyopakwa na kuchomwa vivyo hivyo. Fuata mistari ya risasi inayounganisha vipande: fundi mzuri huipitisha kwenye ukingo wa joho au mkono, mpaka unasahau kwamba ipo.

Tahadhari moja: katika karne ya 19 makanisa mengi yalikarabatiwa kwa nguvu, na kichwa cha malaika unachokisifu huenda kikawa cha enzi ya Malkia Victoria. Kingo kali mno na ulinganifu usio na kasoro ni dalili, ingawa kuna kazi za wakati huo zenye ubora wa hali ya juu. Wala sanaa haikukoma hapo. Kanisa dogo la Tudeley, Kent, lina madirisha 12 yote ya Marc Chagall. La kwanza liliwekwa mwaka 1967 kumkumbuka binti aliyekufa maji.

Makanisa mengi ya vijijini hayatozi kiingilio, na kanisa likiwa limefungwa, tangazo mlangoni mara nyingi hueleza ufunguo uko kwa nani. Chukua tochi na uimulike kwa ubavu, sambamba na ukuta au ubao, kwa maana mwanga wa kutoka mbele hufuta alama za tezo na patasi. Kabla ya kuinua kiti chochote, muulize mhudumu. Bawaba nyingine zina umri wa karne kadhaa.