Wazigua Waliorudi Handeni

Katika karne ya 19, njaa ilipoikumba nchi ya Wazigua, watu wengi walivushwa baharini na kuuzwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijificha katika misitu ya bonde la Mto Juba, wakafyeka mashamba, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipopamba moto mwaka 1991, vizazi vyao vilikimbia kila upande. Baadhi walifika Tanga, wakawekwa kambi ya Mkuyu wilayani Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Wengine waliokimbilia Kenya walipokelewa Marekani pamoja na Wabantu wenzao wa Juba, jumla yao zaidi ya 12,000.

Kwetu tunaofuatilia masuala ya wahamiaji, kisa hiki ni adimu: watu wa bonde moja, jamii mbili za kuwapokea.

Mwanasaikolojia Colleen Ward hutenganisha mambo mawili katika kuzoea ugenini. Kuna utulivu wa moyo, na kuna kuyamudu maisha ya kila siku: kununua, kuamkia, kudai haki. Mtu aweza kupata kimoja akakosa kingine. Desturi zikitofautiana sana, hilo la pili ndilo hulemea kwanza.

Huko Lewiston, jimbo la Maine nchini Marekani, walikokaa baadhi ya Wabantu hao, wazazi ambao hawakuwahi kukaa darasani walitakiwa kusoma barua za shule na za mwenye nyumba. Watoto walishika Kiingereza upesi, wakageuka wakalimani wa wazazi wao. Hapo ndipo penye kidonda. Baba akiitwa shuleni kwa utundu wa mtoto, na mtoto huyo ndiye anayetafsiri maneno ya mwalimu, atajuaje alichoambiwa? Heshima ya mzazi hupungua nyumbani bila mtu kumkosea kwa makusudi.

Handeni mambo yalikuwa mepesi zaidi: Kizigua chao kilieleweka, na misikiti ilikuwapo. Hata hivyo, wakulima waliozoea mafuriko ya Juba kulowesha mashamba walikuta ardhi inayotegemea mvua tu, na vijana waliokulia penye Kisomali walikuta shule za Kiswahili. Isitoshe, asili ya babu haikuwa hati ya uraia. Kilichowatuliza, kwa maoni yangu, ni kwamba serikali iliwapa ardhi ya kulima, kisha ikawafungulia njia ya kuwa raia. Undugu wa lugha peke yake ungewaacha wageni kwao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaomtupia mgeni mzigo wote wa kuzoea. Mwenyeji naye ana sehemu yake, nayo si ngumu. Nawaomba walimu, wauguzi na watendaji wa vijiji: mzazi mgeni akija ofisini na lugha ikampiga chenga, mtafutieni mkalimani mtu mzima. Mwanawe msimwite kutafsiri.