Pima Kabla ya Kukaza Bolti

Njia zetu za Kitui na Makueni zina makorongo, na pikapu nyingi za kubebea maembe zimeinama mbele. Baadhi hushikiliwa mbele na vyuma virefu vinavyojipinda, kila kimoja na bolti yake. Ukiikaza, gari huinuka.

Egesha mahali tambarare, bila mzigo. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Inua kwa jeki, weka magogo imara, kaza kidogo kidogo. Shusha, endesha kidogo, pima tena.

Usipite kipimo cha kitabu: ukizidisha, viungo vya ekseli huharibika na tairi huliwa upande mmoja. Kisha fundi anyooshe magurudumu na taa. Tena kumbuka: kukaza bolti hakuongezi uwezo wa kubeba mzigo.